Kinga Anayokopeshwa Mtoto Mchanga



Jambo ninalotaka kulizungumza leo hutokea katika kila kijiji, nalo mara nyingi huzusha maneno baina ya jamaa. Watoto wawili huzaliwa mahali pamoja katika juma moja. Mmoja hupita miezi yake ya kwanza salama. Homa ikimjia haimkai. Wa pili hushikwa na kila ugonjwa unaopita njiani. Ndipo watu huanza kutafuta sababu. Bibi mzaa baba husema, "Udhaifu huu hautoki kwetu, tazameni ukoo wa mama yake." Upande wa mama nao hujibu vivyo hivyo. Wengine husema ni jicho la hasidi, na wengine hunyamaza, wakisema kwamba ndivyo alivyoandikiwa.

Basi leo tujiulize maswali matatu. Kwanza, mtoto mchanga, ambaye hajapata kuugua ugonjwa wo wote, hupata wapi nguvu ya kupigana na maradhi? Pili, kwa nini watoto hawazaliwi wakiwa na nguvu hiyo kwa kiasi kimoja? Tatu, katika tofauti hiyo, sehemu gani ni ya urithi wa ukoo, na sehemu gani hutokana na mambo yaliyompata mama wakati wa mimba? Swali hili la tatu ndilo kubwa, kwa kuwa urithi hatuwezi kuubadili, bali mengi katika mambo ya mimba yamo mikononi mwetu.

Kwanza tuielewe kinga yenyewe. Vijidudu vya maradhi vikiingia mwilini mwa mtu, baadhi ya chembe nyeupe za damu hutengeneza silaha ndogo mno, zisizoonekana kwa macho wala kwa darubini ya kawaida. Silaha hizo huvishika vijidudu, au sumu yao, na kuvizuia visidhuru. Wataalamu huziita kingamwili. Kila kingamwili ina adui wake: ile iliyotengenezwa kwa surua haifai kitu kwa kifaduro, kama ufunguo wa mlango mmoja usivyofungua mlango wa pili. Na adui akisha kushindwa, mwili haumsahau.

Kumbukumbu hiyo ya mwili hudumu kwa muda gani? Katika bahari ya kaskazini, baina ya Uskoti na Iceland, viko visiwa viitwavyo Faroe. Mwaka wa 1781 surua iliingia huko, kisha ikatoweka kwa muda wa miaka 65. Mwaka wa 1846 ikarudi. Katika watu wapatao 7,800 waliokaa visiwani, zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari kijana wa Denmark, jina lake Peter Ludwig Panum, alitumwa kwenda kutazama, naye aliuliza nyumba kwa nyumba na kuandika kila alilosikia. Aliona kwamba wazee waliougua surua katika mwaka wa 1781, ambao walikuwa hai bado, hakuna hata mmoja wao aliyeugua mara ya pili. Miili yao ilikuwa haijasahau, hata baada ya miaka 65.

Haya, mzee yule wa Faroe alikuwa na kumbukumbu. Lakini mtoto aliyezaliwa jana atakumbuka nini? Yeye hajakutana na adui ye yote. Hata hivyo, daktari akichukua damu ya kitovu chake na kuipima, atazikuta kingamwili za surua, za malaria, na za maradhi mengine mengi. Zimetoka wapi? Je, amezirithi kwa baba na mama, kama alivyorithi rangi ya macho na umbo la pua? Au amepewa kwa njia nyingine?

Mtu aliyelijibu swali hili kwa majaribio ni Mjerumani Paul Ehrlich, katika mwaka wa 1892. Tena alitumia sumu ambazo asili yake hatuna haja ya kwenda mbali kuzitafuta. Moja imo katika mbegu za mbarika, ule mti unaotupa mafuta ya kuharisha. Ya pili imo katika zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watu huzitunga kama shanga. Ehrlich aliwapa panya sumu hizo kidogo kidogo, akizidisha siku hata siku, mpaka miili yao ikatengeneza kinga, wakaweza kustahimili kiasi ambacho kingemwua panya mwingine papo hapo.

Kisha akawazalisha. Alichukua panya dume mwenye kinga, akampa jike asiye na kinga. Watoto waliozaliwa hawakuwa na kinga yo yote. Akageuza jambo: jike mwenye kinga kwa dume asiye nayo, watoto wote wakazaliwa na kinga. Kama kinga ile ingalikuwa urithi wa damu, kama watu wasemavyo, ingalitoka kwa baba sawasawa na kwa mama. Lakini haikutoka kwa baba hata kidogo.

Ehrlich hakuishia hapo. Aliwabadilisha watoto wanyonyao. Watoto wa mama asiye na kinga akawapeleka kunyonya kwa mama mwenye kinga, nao wakapata kinga kwa njia ya maziwa. Na mwisho aliona jambo jingine: kinga ile ya watoto haikudumu. Baada ya majuma machache ilipungua, hata ikaisha kabisa, ijapokuwa mama zao walikuwa nayo bado.

Kwa hiyo tumepata jibu la swali letu la kwanza. Kinga anayozaliwa nayo mtoto si mali ya urithi, ni mkopo. Mama ndiye mkopeshaji. Mkopo huo hauzai, bali hupungua kila siku, mpaka mtoto ajifunze kujitengenezea mali yake mwenyewe.

Sasa tutazame jinsi mkopo unavyofika. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki, kama wengi wadhanivyo. Kati yao kuna kondo la nyuma, lile ambalo wakunga hulitazama kwa uangalifu baada ya kuzaa, wajue kama limetoka lote. Kondo ni kama mto upitao kati ya nchi mbili. Chakula na hewa huvuka, lakini vitu vingi huzuiliwa. Kingamwili ni kubwa mno, haziwezi kupenya zenyewe. Hapana budi zivushwe. Katika mwaka wa 1958 mtaalamu F. W. Rogers Brambell, aliyekuwa akifanya kazi huko Bangor katika nchi ya Wales, pamoja na wenzake, walieleza kwamba lazima pawe na kitu maalumu kinachozishika kingamwili upande huu na kuziachilia upande wa pili, mfano wa madau ya kuvushia watu. Wataalamu waliokuja baadaye waliyaona madau hayo kweli, wakayajua umbo lake. Nayo hayachukui kingamwili za kila namna. Huchukua namna moja tu, ile iliyo nyingi katika damu.

Madau haya huanza kazi karibu na mwezi wa nne wa mimba, lakini mwanzoni huvusha kidogo sana. Kazi kubwa hufanyika katika majuma ya mwisho. Mtoto akitimiza miezi yake yote, kiasi cha kingamwili katika damu yake huwa sawa na cha mama, na mara nyingi hukipita. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mathalan wa miezi saba, huondoka bandarini kabla ya mizigo kupakiwa. Hii ni sababu mojawapo ya watoto njiti kuhitaji ulinzi zaidi kuliko wenzao. Si kwamba ukoo wao ni dhaifu. Hawakukaa muda wa kutosha kupokea haki yao.

Hesabu ifuatayo itawafaa hasa wanafunzi, lakini kila mtu ataifahamu. Kingamwili zilizotoka kwa mama hupungua nusu kwa kila majuma matatu, au karibu na hapo. Tuseme mtoto amezaliwa na vipimo 64. Baada ya majuma 3 anabaki na 32. Baada ya majuma 6, 16. Baada ya majuma 9, 8. Baada ya majuma 12, 4. Sasa tuseme vipimo 4 ndivyo vinavyotosha kumzuia adui fulani. Mtoto huyu atalindwa majuma 12. Mtoto mwingine aliyezaliwa na vipimo 8 tu atalindwa majuma 3. Wote wawili walizaliwa wakiwa na kinga, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Lakini mmoja ana ulinzi wa karibu miezi mitatu, na mwenzake hana hata wa mwezi mmoja. Wale watoto wawili wa kijiji kimoja niliowataja mwanzo, yamkini tofauti yao ilikuwa ni hiyo.

Basi tunafika katika swali la pili: ni nini kinachofanya mkopo uwe mkubwa au mdogo? Liko jambo la akiba ya mama, na liko jambo la kivuko chenyewe.

Tuanze na akiba. Mtu hawezi kukopesha asichokuwa nacho. Mama ambaye mwili wake haukupata kukutana na ugonjwa fulani, wala hakuchanjwa, hana kingamwili za ugonjwa huo, na mtoto wake hupata mkono mtupu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni pepopunda. Ugonjwa huu humwingia mtoto kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kutiwa majivu na samadi. Ndio ule ugonjwa wa mtoto aliyezaliwa mzima, akanyonya vizuri siku za kwanza, kisha akashindwa kufumbua kinywa, mwili ukakakamaa, akafa. Na pepopunda ina jambo la ajabu: hata mtu aliyeugua na kupona hapati kinga, kwa kuwa sumu yake ni kali hata kiasi kidogo mno kisichotosha kuamsha mwili chaweza kuua. Kwa hiyo hakuna mama anayepata akiba ya pepopunda kwa kuugua. Akiba hiyo hupatikana kwa sindano.

Katika mwaka wa 1961 madaktari waliokuwa New Guinea walitangaza matokeo ya kuwachanja wanawake wajawazito sindano za pepopunda. Watoto wa mama waliopata sindano mbili au tatu walikufa kwa ugonjwa huo kwa uchache sana kuliko watoto wa mama wasiochanjwa. Angalieni: mtoto mwenyewe hakuguswa na sindano, aliyechanjwa ni mama, na aliyeokoka ni mtoto. Tangu hapo jambo hili lilienea duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 1988 watoto wachanga wapatao 787,000 walikufa kwa pepopunda. Kwa mwaka wa 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hata kufika 25,000. Usafi wa uzazi una sehemu yake katika kazi hiyo, na sindano ina sehemu yake.

Hali kadhalika kifaduro. Mwaka wa 2012 kifaduro kilizuka huko Uingereza, na watoto wachanga 14 wakafa, wakiwa wadogo mno hata chanjo yao wenyewe haijawafaa. Katika mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo madaktari walianza kuwachanja wajawazito, ili mkopo uwe tayari mtoto anapozaliwa.

Mtu ataniuliza: "Ikiwa mkopo wa mama ni mzuri hivi, kwa nini mtoto huchanjwa surua katika mwezi wa tisa, wala si siku ya kuzaliwa?" Swali hili ni la haki. Chanjo ya surua hutengenezwa kwa kijidudu cha surua kilicho hai, lakini kilichodhoofishwa. Kikiingia mwilini hali kingamwili za mama ziko bado, zitakiua kabla mwili wa mtoto haujamjua adui wake. Kwa hiyo mkopo humlinda mtoto, lakini pia humchelewesha kujifunza. Madaktari hapana budi wangoje mpaka mkopo umekwisha, lakini wasingoje sana, surua isije ikamkuta mtoto bila kinga. Mama anayepewa siku ya kurudi kliniki na asiende, huongeza muda huo wa hatari kwa hiari yake.

Sasa tuje kwenye kivuko. Hata mama akiwa na akiba nyingi, kondo likiharibika mizigo haivuki vizuri. Na katika nchi za joto, mharibifu mkubwa wa kondo ni malaria.

Kwanza tujue thamani ya kinga ya malaria. Mwaka wa 1961 wataalamu waliofanya kazi Gambia, mmoja wao akiwa Ian McGregor, walitoa kingamwili katika damu ya watu wazima waliokulia katika malaria, wakawadunga watoto walioshikwa na homa hiyo. Vijidudu katika damu ya watoto vilipungua sana. Mwaka uliofuata, 1962, wataalamu wa Nigeria walionyesha kwamba kingamwili zilizotolewa katika damu ya kitovu zilifanya kazi ile ile. Yaani, damu ya mtoto mchanga wa mama aliyezoea malaria ina silaha kamili za malaria. Hii ni sababu mojawapo ya watoto wa nchi zetu kutoshikwa mara nyingi na malaria kali katika miezi yao ya kwanza.

Lakini malaria ina hila. Mwanamke anapochukua mimba, hasa ya kwanza, vijidudu hupata maficho mapya katika kondo la nyuma. Huko hujikusanya kwa wingi, hata kama mama mwenyewe hana homa na hajioni mgonjwa. Kondo huvimba na kupata makovu. Tena, mwili wa mama unaopigana na malaria mfululizo hujaa kingamwili za kila namna, zenye faida na zisizo na faida. Madau ni yale yale; yakijaa abiria wasio na safari ya maana, wenye safari hubaki ufukweni. Mwaka wa 1994 wataalamu waliokuwa Papua New Guinea walieleza kwamba mama mwenye malaria katika kondo humpa mtoto wake kingamwili chache za pepopunda kuliko inavyotazamiwa. Mwaka wa 1998 uchunguzi uliofanywa Malawi ulionyesha kwamba malaria ya kondo, na hali kadhalika maambukizi ya VVU, hupunguza uvukaji wa kingamwili za baadhi ya maradhi.

Fikirini maana yake. Mama amekwenda kliniki, amechanjwa pepopunda, cheti anacho. Lakini halali katika chandarua, na dawa ya kuzuia malaria aliyopewa ameiacha ndani ya sanduku. Akiba anayo, lakini kivuko kimeharibika. Ndiyo sababu wakunga hawashughulikii jambo moja peke yake.

Hapa napenda kuongeza neno la tahadhari, kwa kuwa elimu ya kweli haifuati dhana tu, bali hupima. Wataalamu wengi walidhani kwamba minyoo ya mama nayo hudhoofisha kinga ya mtoto, na kwamba dawa ya minyoo wakati wa mimba ingemfanya mtoto aitikie chanjo vizuri zaidi. Dhana hiyo ilijaribiwa huko Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka wa 2003. Wanawake 2,507 waliingia katika uchunguzi. Wengine walipewa dawa ya minyoo, na wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto wao walifuatwa, wakapimwa jinsi walivyoitikia chanjo. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2011: hapakuwa na tofauti. Dawa ya minyoo ina kazi yake, nayo itolewe kama mganga anavyoagiza. Lakini tusiisifu kwa kazi isiyo yake. Watu wa Entebbe walitufaidia kwa kutuonyesha lisilo kweli, kama wengine wanavyotufaidia kwa kutuonyesha lililo kweli.

Sasa swali la tatu: urithi hauna sehemu kabisa? Hasha, unayo. Lakini ni lazima tujue mahali pake.

Njia nzuri ya kuupima urithi ni kuwatazama mapacha. Mapacha wako namna mbili. Wako wanaofanana kabisa, kwa kuwa walitokana na yai moja lililogawanyika. Urithi wao ni mmoja. Na wako waliotokana na mayai mawili. Hao hawakufanana kwa urithi zaidi ya ndugu wengine wa baba mmoja na mama mmoja. Lakini mapacha wa namna zote mbili wamekaa katika tumbo moja, kwa wakati mmoja, na kulelewa katika nyumba moja. Basi, kama wale wa yai moja wanafanana katika jambo fulani kuliko wale wa mayai mawili, tofauti hiyo ni kazi ya urithi.

Huko Gambia wataalamu waliwaandikisha mapacha jozi 207 tangu kuzaliwa. Wote walichanjwa chanjo za kawaida, na walipofika miezi mitano damu yao ilipimwa. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2004. Katika tofauti za kingamwili baina ya mtoto na mtoto, sehemu iliyotokana na urithi ilikadiriwa hivi: kwa ugonjwa wa ini uitwao hepataitisi B, sehemu 77 katika 100; kwa polio, 60; kwa dondakoo, 49; kwa pepopunda, 44.

Tusizisome hesabu hizi kwa haraka. Hazisemi kwamba sehemu 77 za kinga ya mtoto hutoka kwa wazee wake, wala kwamba chanjo hufanya kazi ya sehemu 23 zilizobaki. Zinasema juu ya tofauti baina ya watoto ambao wote wamechanjwa. Mfano wake ni shamba la mahindi. Mbegu zote zikipandwa katika udongo mmoja na kupata mvua moja, bua moja litapita jingine kwa sababu ya mbegu. Lakini usipolima wala mvua isiponyesha, mbegu iliyo bora kuliko zote haitaota. Chanjo ni mvua. Mtoto wa ukoo wo wote asipochanjwa, hatatengeneza hata kingamwili moja ya chanjo hiyo.

Tena tazameni wakati. Mapacha hao walipimwa katika miezi mitano, yaani wakati ambapo mtoto ameanza kutengeneza kinga yake mwenyewe. Hapo ndipo urithi wake unaposema kwa sauti kubwa. Lakini siku ya kuzaliwa, kinga iliyo katika damu yake karibu yote si kazi ya mwili wake. Ni ya mama. Urithi wa mama una sehemu katika wingi wa kingamwili anazozitengeneza. Lakini maradhi aliyokutana nayo, sindano alizopata, afya ya kondo lake, na kutimia kwa siku za mimba, haya ndiyo yaliyo wazi, na haya ndiyo tunayoweza kuyatengeneza.

Kwa hiyo, enyi wazee wa pande zote mbili, mtoto mchanga akiugua, msikimbilie kuhesabu makosa ya ukoo. Mwanamke aliyejifungua jana, naye bado ana udhaifu, anapoambiwa kwamba ameleta damu mbovu nyumbani, huonewa. Na maneno hayo hayamponyi mtoto. Ulizeni maswali yenye faida: Je, mama alipata sindano zake? Alilala katika chandarua? Alimeza dawa ya kuzuia malaria? Mtoto alitimiza siku zake?

Nanyi akina baba, msidhani kwamba, kwa kuwa dume wa Ehrlich hakuwapa watoto wake kinga, basi baba hana kazi. Hawezi kuipitisha kinga kwa damu yake, lakini anaweza kuipitisha kwa mkono wake. Nauli ya kwenda kliniki, chandarua kitandani, chakula cha kutosha, kumpunguzia mke kubeba kuni na maji katika miezi ya mwisho: hayo yote humsaidia mama kuufikisha mkopo salama.

Yamebaki maneno mafupi juu ya maziwa. Ehrlich alionyesha kwamba panya hupata kinga nyingi kwa maziwa. Binadamu hupata sehemu kubwa ya kinga ya damu kwa njia ya kondo. Lakini maziwa ya mama yana kingamwili za namna nyingine, ambazo hukaa kinywani na matumboni mwa mtoto na kuyazuia maradhi ya kuharisha. Maziwa yale ya kwanza, mazito, yenye rangi ya manjano, yaitwayo dang'a, ndiyo yaliyo na kinga hizo kwa wingi kuliko yote. Mahali pengine watu huyakamua na kuyamwaga, wakidhani ni machafu. Anayeyamwaga humwaga dawa ambayo hakuna duka linaloiuza. Mtoto anyonyeshwe mara baada ya kuzaliwa, na kwa miezi sita asipewe kitu kingine, hata maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga.

Mwisho, niwakumbushe kwa ufupi. Mama mjamzito na aende kliniki mapema, mara tu ajuapo kwamba ana mimba. Kama hakupata kuchanjwa pepopunda, apate sindano mbili katika mimba hiyo, ya pili baada ya majuma manne au zaidi, tena isipungue majuma mawili kabla ya kuzaa. Kisha azitimize zote tano kwa taratibu atakayoelezwa. Alale katika chandarua chenye dawa kila usiku. Ameze dawa ya kuzuia malaria kama atakavyopewa na wakunga, ambao watachagua ile inayomfaa. Akubali kupimwa damu, ili kama ana VVU apate dawa zitakazomlinda yeye na mtoto. Na mtoto akisha kuzaliwa, arudi kliniki kila tarehe iliyoandikwa katika kadi, kwa kuwa mkopo unapungua kila juma, na chanjo ndiyo inayomfundisha kujitegemea.

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Neno lao ni kweli, lakini sasa tumejua kwamba kulea huanza mapema kuliko tulivyodhani. Huanza wakati mtoto hajaonekana na mtu ye yote, wakati kinga yake yote imo katika damu ya mama, ikingoja kuvushwa.